Mwanya si Pengo: Lugha ya Kuseti Vali za Injini ya Lori

Fundi wa malori anaposema kwamba leo “anaseti tapeti”, na kitabu cha huduma kinaposema “kupima na kurekebisha mwanya wa vali”, kazi inayotajwa ni moja. Hufanyika kwa zana chache: spana, bisibisi na fila geji, yaani kile kipimo chenye mabamba membamba ya chuma, kila bamba likiwa na unene wake. Hata hivyo, maelezo ya kazi hii humpotosha mfasiri kwa urahisi kuliko maelezo ya kazi nyingi nzito za gereji. Sababu ni kwamba maneno yake makuu ni ya kila siku: kaza, legeza, mwanya, nafasi, baridi, kilele. Mfasiri hayatafuti katika kamusi kwa kuwa anaamini kwamba anayajua.

Mfano wa hatari hiyo ni sentensi fupi kama hii: “Vali za moshi zimekaza.” Msomaji wa kawaida hupata faraja, kwani kilichokaza hakitikisiki wala hakidondoki. Fundi husikia onyo: vali hazina mwanya, na zikiachwa hivyo zitaungua. Makala haya yanaeleza kazi yenyewe kwa kadiri inayohitajika, kisha yanachambua maneno yanayoibeba, ili mwanafunzi, mwalimu na mfasiri waweze kuchagua neno ambalo halitaharibu injini ya mtu.

Amri ya kufunguka husafirije?

Katika injini yenye vali za juu, vali hukaa kwenye silinda hedi, juu ya pistoni, lakini kamshafti inayoziamuru hukaa chini, ndani ya bloku. Kwa hiyo amri ya kufunguka husafiri umbali mrefu. Nundu ya kamshafti huinua tapeti. Tapeti husukuma fimbo ndefu ambayo gerejini huitwa pushirodi. Pushirodi huinua upande mmoja wa roka. Na roka, kama mkono wa mizani, hushuka upande wa pili na kukandamiza shina la vali. Vali hufunguka. Nundu ikishapita, springi huirudisha vali kwenye kiti chake.

Vali ikiwa imefungwa, kati ya ncha ya roka na ncha ya shina la vali huachwa mwanya mdogo sana. Mwanya huo huachwa kwa makusudi, kwa sababu chuma hutanuka kinapopata joto. Usipokuwepo, shina la vali linaporefuka huigusa roka, nayo roka haina pa kukimbilia. Basi vali hubaki imeinuliwa kidogo, isikae kitini. Hapo madhara mawili hutokea kwa pamoja. Kwanza, gesi za moto hupenya pembeni mwa vali na mgandamizo hupungua, hivyo injini huwa ngumu kuwaka na hukosa nguvu mlimani. Pili, vali hupoa hasa kwa kugusana na kiti chake, ambako joto lake huhamia kwenye silinda hedi na kuchukuliwa na maji. Vali isiyokaa kitini hukosa njia hiyo ya kupoa, na ukingo wake huungua.

Mwanya ukizidi, madhara ni ya aina nyingine. Roka huigonga vali badala ya kuisukuma, na mlio wa chuma husikika. Vali huchelewa kufunguka na huwahi kufunga, silinda hupumua kwa shida, na ncha zinazogongana huchakaa.

Mwanya haubaki ulivyowekwa. Kuchakaa kwa roka na kwa ncha ya shina huuongeza. Kuliwa kwa kiti, kunakoifanya vali izame ndani ya silinda hedi, huupunguza. Mwanya unaoongezeka hujitangaza kwa kelele, ilhali unaopungua hauna sauti. Ndiyo maana ukimya wa tapeti si ushahidi kwamba injini ni nzima, na ndiyo maana kazi hii huitwa kwanza “kupima”, kisha “kurekebisha”. Kitenzi kurekebisha kikisimama peke yake hudokeza kwamba kuna kosa lililokwisha kujulikana. Lakini hii ni huduma ya kawaida, na vali ambayo kipimo chake kiko sawa huachwa ilivyo.

Mwanya, pengo, nafasi, uwazi, ufa

Kiswahili kina maneno mengi ya mahali palipo patupu kati ya vitu viwili, na kila moja lina historia yake katika akili ya msomaji. Tofauti ya mwanya na pengo huonekana vizuri zaidi mdomoni. Mwanya ni uwazi wa asili kati ya meno mawili ya mbele. Mtu huzaliwa na umbile hilo, na kwa Waswahili wengi huhesabiwa kuwa uzuri. Pengo ni mahali ambapo palikuwa na jino na sasa halipo. Ndiyo maana husemwa kwamba marehemu “ameacha pengo”, wala haisemwi kwamba ameacha mwanya. Pengo hutokana na upotevu, ilhali mwanya ni sehemu ya umbo lenyewe.

Kwa kipimo hicho, kile kinachoachwa kati ya roka na shina la vali ni mwanya. Hakuna kilichong'oka hapo. Mhandisi alikusudia pawe hivyo. Anayeandika “pengo la vali” humdokezea msomaji kwamba kuna kitu kimepotea na kinapaswa kurudishwa, na kurudisha kitu hapo ndiko kunakoiunguza vali.

Hata neno mwanya lina mtego wake. Katika lugha ya magazeti na ya siasa limezoea kuandamana na kitenzi kuziba: kuziba mianya ya rushwa, kuziba mianya ya ukwepaji kodi. Katika injini, mwanya hauzibwi. Vitenzi vinavyofaa kuandamana nao ni kupima, kuweka, kuongeza, kupunguza na kuhakiki. Kisarufi neno hili liko katika ngeli ya U-I: mwanya umepungua, mianya imepungua.

Nafasi ni neno pana. Gerejini husikika “nafasi ya tapeti”, na katika mazungumzo halina ubaya, kwa kuwa anayezungumza ameshika kipimo mkononi. Katika maandishi, nafasi huweza kumaanisha mahali, fursa au muda, wala haidokezi udogo unaopimwa kwa sehemu za milimita.

Uwazi ni bora uepukwe, kwa sababu vali yenyewe hufunguka: “uwazi wa vali” hueleweka upesi kuwa kiasi ambacho vali imefunguka, jambo lililo tofauti kabisa. Ufa nao haufai hata kidogo. Silinda hedi yenye ufa ni habari nyingine, na ni habari ya gharama kubwa.

Kukaza, kubana, kulegeza

Kwenye roka, upande wa pushirodi, kuna skrubu ya kurekebishia na nati ya kuifunga skrubu hiyo. Zote mbili huzungushwa, zote mbili huweza kukazwa, na ziko mahali pamoja. Lakini matokeo ya kuzikaza ni tofauti. Skrubu ikizungushwa kuelekea ndani, mwanya hupungua. Nati ikikazwa, mwanya hauguswi, unalindwa usibadilike. Maelekezo yanayosema “kaza hapo” bila kutaja kinachokazwa yamemwachia msomaji kazi ambayo mwandishi alipaswa kuifanya.

Utaratibu salama ni kulitenga neno kukaza kwa ajili ya nati pekee. Kwa skrubu, maneno mazuri ni kuzungusha ndani na kuzungusha nje, yakifuatwa na matokeo yake: “zungusha skrubu ndani ili kupunguza mwanya.” Kwa hali ya vali yenyewe, ni heri mwanya uwe ndio kiima: “mwanya umepungua kupita kiasi”, “mwanya umezidi”. Hapo hakuna anayeweza kudhani kwamba vali iliyokaza ni vali iliyofungwa imara, wala kwamba vali iliyolegea ni vali inayokaribia kudondoka.

Ikilazimu kutumia kitenzi kimoja kwa vali isiyo na mwanya, kubana kina picha sahihi zaidi kuliko kukaza. Kubana huhitaji pande mbili na kitu katikati: mlango hubana kidole, umati humbana mtu ukutani. Kauli ya kutendwa huongeza usahihi. “Vali imebanwa” huonyesha kwamba vali ndiyo inayoonewa, ikikandamizwa na roka wakati ambapo ilipaswa kuwa huru.

Kuna pia hisia ya mkono ambayo vitabu hujaribu kuieleza: bamba la fila geji linapopitishwa kwenye mwanya ulio sahihi, fundi huhisi upinzani mdogo. Wafasiri wengine huandika kwamba bamba “liburutwe”, lakini kuburuta ni kukokota kitu chini, mara nyingi kizito. Wengine huandika “likwame kidogo”, ilhali kilichokwama hakipiti. Maelezo yaliyo karibu zaidi na mkono wa fundi ni haya: “bamba lipite kwa msuguano mwepesi.” Likipita bila kugusa, mwanya umezidi, likisukumwa kwa nguvu, umepungua.

Tapeti: neno lililopanda juu

Tapeti ni mkopo kutoka Kiingereza, na katika maana yake finyu ni kipande kinachokaa juu ya nundu ya kamshafti, chini kabisa ya mnyororo wa amri ulioelezwa hapo awali. Lakini fundi anayeseti tapeti hakigusi kipande hicho. Anafanya kazi juu, kwenye roka, na kifuniko anachokifungua hukiita “tapeti kava”. Je, amekosea?

Hajakosea, ameurithi mkopo pamoja na maana yake iliyokwisha kupanuka. Katika Kiingereza cha Waingereza, kusema kwamba mtu anaweka tapeti kwa maana ya kuweka mwanya wa vali ni matumizi ya zamani na ya kawaida. Neno lilipoingia katika Kiswahili cha gereji liliingia na maana hiyo pana, na sasa tapeti ni jina la kazi, la mwanya na la mlio wake: “tapeti zinagonga” maana yake mwanya umezidi. Kamusi inayokusudia kumsaidia mtumiaji haina budi kuonyesha maana zote mbili, ya kipande na ya kazi. Mfasiri naye hana budi kujua ipi iko mbele yake, kwa kuwa “badilisha tapeti” ni kuingia ndani ya injini kwa siku nzima au zaidi, na “seti tapeti” ni kazi ya saa chache.

Vali ya kuingizia, vali ya kutolea

Kila silinda ya injini ya kawaida ya aina hii ina vali mbili: moja hupitisha kinachoingia, nyingine hupitisha moshi unaotoka. Hapa kauli ya kutendea ina kazi ya pekee. Kama ilivyo katika “kisu cha kukatia nyama”, kiambishi cha kauli hii huonyesha kwamba kitu ni chombo cha kufanyia tendo. “Vali ya kuingizia hewa” na “vali ya kutolea moshi” hueleza njia. “Vali ya kuingiza hewa” hudokeza kwamba vali ndiyo inayoisukuma hewa, jambo lisilo kweli.

Majina mafupi, vali ya hewa na vali ya moshi, yanapendeza katika majedwali, lakini la kwanza lina matatizo mawili. Katika injini ya dizeli kinachoingia ni hewa tupu, hivyo jina ni la kweli. Katika injini ya petroli yenye kabureta huingia hewa iliyochanganyika na mafuta. Tena, malori mengi hutumia breki za upepo, na mfumo huo una vali zake zinazopitisha hewa. “Kagua vali za hewa” katika kitabu cha lori huweza kumpeleka fundi chini ya gari badala ya juu ya injini. “Vali ya kuingizia” haina utata huo. “Vali ya moshi” ni salama, kwa kuwa moshi una njia moja tu.

Kilele kipi, baridi ipi?

Mwanya hupimwa vali ikiwa imefungwa kabisa, na kwa kawaida mahali pa kuanzia ni pistoni ya silinda ya kwanza ikiwa kileleni mwa mwendo wake. Lakini katika injini ya hatua nne, yaani kuvuta hewa, kugandamiza, kuwaka na kutoa moshi, pistoni hufika kileleni mara mbili: mwisho wa kugandamiza na mwisho wa kutoa moshi. Katika kilele cha kwanza vali zote mbili zimefungwa na roka zake zinacheza kidogo mkononi. Katika kilele cha pili vali ya moshi inamalizia kufunga na ya kuingizia inaanza kufunguka. Anayepima hapo anapima vali zisizo huru, na kila rekebisho atakalofanya litakuwa kosa. Kwa hiyo “pistoni ikiwa kileleni” haitoshi. Istilahi inayofaa ni “kilele cha mgandamizo”.

Neno baridi nalo linahitaji mipaka, maana mtengenezaji huweka kipimo akijua injini itakuwa katika joto gani. Viambishi vya wakati na hali huamua mengi. “Pima mwanya injini ikipoa” huweza kusomeka kuwa kazi ifanyike wakati injini inaendelea kupoa. “Pima mwanya injini ikiwa imepoa” hutaja hali iliyokwisha kukamilika. Tofauti ya -ki- na -me-, ambayo darasani huonekana kuwa zoezi la sarufi tu, hapa hubadilisha kipimo.

Mfano wa maelekezo kamili

Injini ya Cummins 6BT ni mfano mzuri wa kujaribia msamiati huu. Ni ya dizeli, ya lita 5.9, yenye silinda 6 kwa mstari mmoja na vali 12. Ilianza kufungwa katika magari ya Dodge nchini Marekani kwa modeli za mwaka 1989, na imetumika pia katika malori ya Dongfeng ya China na ya Tata ya India, ambayo si mageni katika barabara za Afrika Mashariki. Mpangilio wake wa uwakaji ni 1-5-3-6-2-4. Maelekezo yake yanaweza kuandikwa hivi:

1. Hakikisha injini imepoa, joto la maji likiwa chini ya nyuzi 60 za selsiasi. Ondoa kava za vali.

2. Zungusha injini kwa mkono, si kwa stata, mpaka silinda ya 1 ifike kwenye kilele cha mgandamizo. Kama umetumia pini ya taimingi kupatafuta mahali hapo, ichomoe kabla ya kuzungusha injini tena, la sivyo itavunjika.

3. Thibitisha: roka zote mbili za silinda ya 1 ziwe huru. Katika silinda ya 6, vali zinapokezana, moja ikimalizia kufunga na nyingine ikianza kufunguka.

4. Katika hali hiyo, pima vali za kuingizia za silinda 1, 2 na 4, na vali za moshi za silinda 1, 3 na 5.

5. Mwanya wa vali ya kuingizia uwe milimita 0.25 (inchi 0.010), wa vali ya moshi uwe milimita 0.51 (inchi 0.020). Bamba la fila geji lipite kati ya roka na shina la vali kwa msuguano mwepesi.

6. Kama mwanya si sahihi, legeza nati, zungusha skrubu ndani ili kuupunguza au nje ili kuuongeza. Ishikilie skrubu kwa bisibisi isizunguke, kisha kaza nati kwa Nm 24.

7. Pima mara ya pili baada ya kukaza nati, kwa sababu nati inapokazwa huweza kuizungusha skrubu pamoja nayo.

8. Weka alama kwenye puli ya krankishafti, zungusha krankishafti mzunguko mmoja kamili, yaani nyuzi 360, kisha pima vali zilizobaki: za kuingizia za silinda 3, 5 na 6, na za moshi za silinda 2, 4 na 6.

Katika maelekezo haya, kukaza kumetajwa kwa nati tu. Mwanya umetajwa kwa jina moja tangu mwanzo hadi mwisho, hata pale ambapo mwandishi mwenye kupenda mapambo angelibadilisha ili kukwepa marudio. Katika insha, marudio huweza kuchosha. Katika maelekezo ya kazi, kubadilisha jina humfanya msomaji adhani kwamba sasa kinazungumziwa kitu kingine. Neno “kamili” katika hatua ya 8 nalo halikuwekwa kwa kukuza maneno. Krankishafti huzunguka mara mbili kwa kila mzunguko mmoja wa kamshafti. Mzunguko wa krankishafti usiotimia huacha baadhi ya vali zikiwa zimeinuliwa na nundu zake, na kipimo chake kitakuwa cha uongo.

Kipengele kingine cha kukumbuka ni tarakimu. Vali ya moshi imepewa mwanya mkubwa, takriban mara mbili ya ule wa vali ya kuingizia, kwa sababu ndiyo inayopata joto zaidi. Mfasiri akiyageuza majina mawili hayo, tarakimu zake zitabaki sahihi na sentensi itakuwa na sarufi safi, lakini vali inayohitaji milimita 0.51 itapewa 0.25. Injini itawaka vizuri, tena itakuwa kimya kuliko awali upande wa vali za moshi, na hakuna atakayelalamika siku hiyo. Lori litapakia na kuondoka. Kosa la neno litajulikana mbali na gereji, mlimani, mzigo ukiwa mgongoni.